Jinsi wahalifu wanavyoteka nyara faili za kompyuta na kudai kikombozi

MWANAFUNZI wa chuo kikuu aliyebakisha juma moja tu kuwasilisha tasnifu yake anafungua kipakatalishi asubuhi na kupigwa na butwaa. Kila faili imeongezewa herufi nne ngeni mwishoni mwa jina lake.

Tasnifu haifunguki. Picha za harusi ya dada yake hazifunguki. Hata sauti ya marehemu babu yake, aliyorekodiwa akisimulia chimbuko la ukoo wao, haisikiki tena. Kinachofunguka ni waraka mfupi ulioachwa katika kila folda, unaomwarifu kwamba data yake imefungwa na kwamba hataiona tena mpaka alipe mamia ya dola.

Usiku uliotangulia alikuwa amepakua programu ya kuchorea kutoka kwa tovuti asiyoijua vyema. Alifurahi kuipata bila malipo, akalala.

Mkasa wa aina hii umewafika mamia ya maelfu ya watu kote duniani. Ni utekaji nyara ambao mhalifu hahitaji bunduki wala gari la kutorokea. Anachokiteka ni kumbukumbu za mtu na jasho lake, na mara nyingi mateka huyo hatoki kamwe ndani ya nyumba ya mwenyewe.

Programu zinazotekeleza uhalifu huu, ambazo zinaweza kuitwa programu za kikombozi, zinatofautiana na virusi vya kawaida kwa jambo moja kuu. Virusi vingi vikishaondolewa, kompyuta hurejea ilivyokuwa. Programu ya kikombozi ikishamaliza kazi yake, kuiondoa hakusaidii kitu, kwa sababu madhara tayari yamo ndani ya faili zenyewe.

Ni sawa na kumfukuza mwizi baada ya yeye kubadilisha makufuli yote ya nyumba na kwenda zake na funguo.

Disketi ya mwaka 1989

Uhalifu huu ni wa zamani kuliko intaneti ya majumbani. Mnamo Desemba 1989, takriban disketi 20,000 zilitumwa kwa njia ya posta kutoka London hadi mataifa mbalimbali. Miongoni mwa waliozipokea ni wajumbe waliokuwa wamehudhuria kongamano la Shirika la Afya Duniani (WHO) kuhusu Ukimwi.

Disketi hizo zilidai kuwa na habari za kumsaidia mtu kupima uwezekano wake wa kuambukizwa Ukimwi. Ndani yake, hata hivyo, kulifichwa programu iliyohesabu mara ambazo kompyuta iliwashwa. Baada ya kuwashwa takriban mara 90, majina ya faili yaligeuzwa kuwa fumbo na mwenye kompyuta akatakiwa kutuma dola 189 kwa sanduku la posta nchini Panama.

Aliyeshtakiwa kwa kitendo hicho ni Joseph Popp, Mmarekani msomi wa biolojia. Popp alishukiwa kwanza na walinzi wa uwanja wa ndege wa Schiphol, Uholanzi, kutokana na mienendo yake ya ajabu alipokuwa safarini kurudi kwao akitoka katika warsha ya WHO kuhusu Ukimwi iliyofanyika Nairobi. Alipelekwa Uingereza kushtakiwa, lakini mnamo 1991 ikaamuliwa kwamba hali yake ya akili haikumruhusu kusimama kizimbani.

Kufuli la Popp lilikuwa dhaifu. Wataalamu waliichunguza programu yake, wakagundua jinsi ilivyofanya kazi, na wakatoa dawa yake bila malipo. Laiti makufuli ya leo yangekuwa hivyo.

Kufuli lisilovunjika

Msingi wa uhalifu huu ni usimbaji, yaani elimu ya kugeuza maandishi kuwa fumbo lisilosomeka bila ufunguo maalum. Elimu hiyo yenyewe ni halali na ina manufaa makubwa. Ndiyo inayolinda fedha zinapotumwa kwa simu, na ndiyo inayomzuia mtu baki kusoma ujumbe wa WhatsApp usiomhusu.

Kuna njia mbili za kusimba. Katika njia ya kwanza, ufunguo ule ule hufunga na kufungua, kama ufunguo wa mlango wa nyumba. Njia hii ni ya kasi sana, lakini ina hatari kwa mhalifu. Akiuacha ufunguo wake ndani ya kompyuta aliyoivamia, mtaalamu anaweza kuupata. Hilo ndilo lililomponza Popp.

Katika njia ya pili kuna funguo mbili zinazokwenda sanjari, mmoja wa kufunga na mwingine wa kufungua. Mfano wake ni kufuli la kubana. Mtu yeyote anaweza kulibana likajifunga, lakini ni mwenye ufunguo pekee awezaye kulifungua. Mhalifu anaweza kulisambaza kufuli hilo kote duniani huku ufunguo wake ukibaki mfukoni mwake.

Mnamo 1996 wataalamu wawili, Adam Young na Moti Yung, walichapisha utafiti ulioonya kwamba njia hiyo ya pili ingeweza kutumiwa na watunzi wa virusi kuwakamua watu fedha. Onyo lao lilikuja kutimia.

Programu za kikombozi za sasa huchanganya njia zote mbili. Kwanza hutumia ile ya kasi kufunga maelfu ya faili kwa muda mfupi. Kisha hutumia ile ya pili kuufunga ufunguo uliotumika. Kinachobaki kwenye kompyuta ya mwathiriwa ni ufunguo uliofungiwa ndani ya kufuli jingine, na wa kulifungua hilo yuko mbali.

Je, kufuli hilo haliwezi kuvunjwa? Nyingi za programu hizi hutumia mfumo uitwao RSA wenye biti 2,048, ambao nguvu yake inatokana na namba yenye tarakimu 617. Ili kuuvunja, ni lazima zipatikane namba mbili tasa ambazo zilizidishwa zikaizaa namba hiyo.

Mnamo Februari 2020, kundi la watafiti lilitangaza kwamba limefaulu kufanya hivyo kwa namba yenye tarakimu 250 tu. Hesabu hiyo ilikuwa kazi ambayo kichakataji kimoja kingeifanya kwa takriban miaka 2,700. Kila tarakimu inayoongezwa huzidisha ugumu, na kutoka 250 hadi 617 ni masafa yasiyofikika kwa kompyuta zilizopo.

Kwa hivyo, anayemwahidi mwathiriwa kwamba atalivunja kufuli la aina hiyo kwa ada fulani hana uwezo huo. Ama ana suluhu ambayo tayari inapatikana bila malipo, ama atamlipa mhalifu kichinichini na kujiongezea faida yake, ama ni mlaghai.

Mlango wanamopitia

Habari zinazovuma ni zile za hospitali, mabenki na kampuni kubwa kuvamiwa. Lakini miongoni mwa programu za kikombozi zilizoenea sana ni moja iliyowalenga hasa watu wa kawaida majumbani. Inajulikana kama STOP, au Djvu, na ilianza kuonekana mnamo 2018.

Kufikia Oktoba 2019, kampuni ya Emsisoft inayoshughulikia usalama wa kompyuta ilikuwa imethibitisha zaidi ya waathiriwa 116,000 wa STOP na kukadiria kwamba idadi kamili ilikuwa takriban 460,000. Kikombozi chake kilikuwa dola 980, kikipunguzwa hadi dola 490 kwa aliyewasiliana na wahalifu ndani ya saa 72.

Mtu angetarajia kwamba uvamizi mkubwa namna hiyo ulihitaji werevu wa ajabu. La hasha. Ilisambazwa zaidi kupitia programu za wizi, yaani zile zilizovunjwa leseni ili zitumike bila kulipiwa, pamoja na vidude vya kuamilisha Windows na Office kwa njia ya mkato. Anayevitafuta huingia katika tovuti zilizojaa vitufe vya kupakua, akabofya, na kuletewa kitu kingine kabisa.

Mtego wenyewe umetegwa kwa ustadi wa kuijua tabia ya binadamu. Tovuti hizo humwagiza mtumiaji azime kwanza programu ya kukinga virusi, zikidai kwamba hiyo hutoa tahadhari za uongo dhidi ya programu zilizovunjwa leseni. Naye, kwa kuwa anajua anachokitafuta si halali, huiona amri hiyo kuwa ya kawaida. Humfungulia mwizi mlango na kumfungia mbwa kwa wakati mmoja.

Nchini Kenya, kama katika mataifa mengi ambako leseni halali huwashinda wengi kwa bei, si ajabu mtu kununua kompyuta iliyotumika ambayo programu zake zote ni za kunakiliwa. Pengine mwenyewe hata hajui. Kila fundi anapomwongezea programu nyingine ya aina hiyo, mtumiaji huwa ameingia katika bahati nasibu bila ya kukusudia.

Njia nyingine ni baruapepe. Ujumbe huja ukijifanya ankara, stakabadhi ya mzigo au barua ya kazi, ukiwa na kiambatisho. Windows kwa kawaida huficha sehemu ya mwisho ya jina la faili. Hivyo basi, faili iitwayo "risiti.pdf.exe" huonekana kama "risiti.pdf", na anayeibofya akitarajia kusoma risiti huwa ameanzisha programu.

Yanayotokea kimya kimya

Ikishaingia, STOP haikujitangaza mara moja. Aghalabu ilionyesha dirisha la bandia lililofanana na lile la Windows ikijisasisha, ili mtumiaji asishangae kuona kompyuta imekuwa nzito. Aliyeliona alisubiri kwa subira, bila kujua kwamba anawapa wahalifu muda wa kumaliza kazi.

Nyuma ya pazia, ilifanya mambo kadhaa. Ilifuta nakala za akiba ambazo Windows hujiwekea yenyewe. Ilizuia kompyuta kuzifikia tovuti za usalama ambako msaada ungepatikana. Mara nyingi pia ililetwa pamoja na programu nyingine ya kuiba nywila, hivi kwamba aliyedhani amepoteza picha pekee alikuwa pia amepoteza siri za akaunti zake.

Kisha ilianza kufunga. Iliziacha faili zinazoiwezesha Windows kuwaka, kwa maana mwathiriwa asiyeweza kuwasha kompyuta hawezi kusoma madai ya kikombozi. Ilizitafuta picha, nyaraka, nyimbo na video. Diski yoyote iliyochomekwa wakati huo, ikiwemo flashi, iliweza kupatwa na mkasa ule ule.

Ili kuharakisha kazi, ilifunga takriban kilobaiti 150 za kwanza za kila faili. Kwa waraka mfupi, hicho ni kitu chote. Kwa video ndefu, sehemu kubwa husalia salama, na ndiyo maana baadhi ya video na nyimbo zimeweza kukarabatiwa.

Kulikuwa na jambo jingine lililoamua hatima ya mwathiriwa. Kabla ya kufunga, programu hiyo ilijaribu kuwasiliana na mtambo wa wahalifu ili ipewe ufunguo wa kipekee kwa kompyuta hiyo. Ikishindwa kuufikia, ilitumia ufunguo iliokuja nao, ambao ulikuwa mmoja kwa wote waliovamiwa na toleo lile.

Ufunguo huo wa pamoja ukishapatikana kwa mtu mmoja, uliweza kuwaokoa wengine wote wa kundi lake. Mnamo Oktoba 2019 Emsisoft ilitoa chombo cha bure kilichowasaidia waathiriwa wengi wa matoleo ya awali. Kwa waliofungiwa kwa ufunguo wa kipekee na matoleo ya baadaye, chombo hicho hakikuwa na la kufanya.

Bila kubofya chochote

Mei 12, 2017 dunia ilijionea kwamba hata asiyebofya kitu anaweza kuvamiwa. Programu ya kikombozi iitwayo WannaCry ilienea yenyewe kutoka kompyuta hadi kompyuta, na katika muda wa siku chache ilikuwa imefikia zaidi ya kompyuta 200,000 katika takriban mataifa 150. Nchini Uingereza, hospitali zililazimika kuwarudisha wagonjwa nyumbani.

WannaCry ilipitia ufa uliokuwamo katika Windows. Kampuni ya Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha kuuziba ufa huo Machi 14 mwaka huo, karibu miezi miwili kabla. Walioathirika ni wale ambao hawakuwa wamekiweka, au waliotumia matoleo yaliyopitwa na wakati. Kasi yake ilipunguzwa na mtafiti Mwingereza, Marcus Hutchins, aliyesajili jina la tovuti ambalo programu hiyo ililitafuta kabla ya kushambulia.

Funzo lake lingali muhimu. Wengi huahirisha usasishaji wa Windows kwa kuhofia kumaliza data za intaneti. Aidha, Microsoft ilikomesha usaidizi wa kawaida wa Windows 7 mnamo Januari 2020 na ule wa Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025. Kompyuta isiyopokea viraka tena ni nyumba ambayo nyufa zake zinajulikana na kila mpita njia.

Kulipa au kutolipa

Swali ambalo humkabili kila mwathiriwa ni iwapo alipe. Asasi za usalama, likiwemo Shirika la Upelelezi la Marekani (FBI), hushauri watu wasilipe. Malipo hudaiwa kwa sarafu za kidijitali kama vile Bitcoin, na yakishatumwa hayarudishwi. Hakuna hakikisho lolote kwamba ufunguo utatolewa. Katika kisa cha WannaCry, wahalifu hawakuwa hata na mfumo wa kutegemewa wa kutambua ni nani aliyelipa.

Isitoshe, kila anayelipa huugharamia uvamizi utakaofuata.

Hata hivyo, si haki kumlaumu mzazi aliyepoteza picha za mtoto aliyefariki akiamua kubahatisha. Ugumu wa uamuzi huo ndio mtaji wa wahalifu, na ndiyo sababu wanaweka makataa ya siku chache ili mtu asipate nafasi ya kutafakari.

Kuna sababu nyingine ya kuwa na subira. Mnamo Septemba 2013 iliibuka programu iliyoitwa CryptoLocker, ambayo kufuli lake halikuvunjika. Katikati ya mwaka 2014 polisi wa mataifa kadhaa waliusambaratisha mtandao wa kompyuta ulioisambaza, na mnamo Agosti mwaka huo kampuni za FireEye na Fox-IT zikafungua huduma ya kuwapa waathiriwa funguo zao bure. Walionufaika ni wale waliokuwa wamezihifadhi faili zao zilizofungwa. Waliokata tamaa na kuzifuta hawakuwa na cha kufungua.

Hatua za kuchukua

Anayegundua kwamba anavamiwa anafaa kukata intaneti mara moja na kuchomoa diski zote za nje. Iwapo ufungaji bado unaendelea, kuizima kompyuta kunaweza kuokoa faili ambazo hazijafikiwa.

Baada ya hapo, si vyema kukimbilia kusafisha kompyuta na kuweka Windows upya. Kwanza faili zilizofungwa zinakiliwe kwenye diski nyingine pamoja na waraka wa wahalifu, kwa kuwa ndani yake mna namba ya utambulisho inayohitajika kutafuta suluhu.

Suluhu hizo hukusanywa katika tovuti ya No More Ransom, iliyoanzishwa Julai 2016 na polisi wa Uholanzi, shirika la Europol na kampuni za usalama wa kompyuta. Mwathiriwa hupakia faili mbili zilizofungwa, na tovuti humweleza kama kuna ufunguo unaojulikana. Huduma hiyo hailipiwi.

Nywila zote nazo zibadilishwe kwa kutumia kifaa kingine kisichoambukizwa. Nchini Kenya, uvamizi wa aina hii ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018, na unaweza kuripotiwa kwa polisi au kwa kituo cha kushughulikia matukio ya mtandaoni kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano.

Nakala iliyotengwa

Hatua hizo zote ni za kupunguza hasara. Kinga ambayo wahalifu hawana jibu lake ni moja, nayo ni nakala iliyowekwa mbali na kompyuta. Mateka ambaye pacha wake yuko salama kwingineko hana thamani kwa mtekaji.

Wataalamu hupendekeza kanuni iliyo rahisi kukumbuka. Kila faili muhimu iwe na nakala tatu, zihifadhiwe katika vifaa vya aina mbili tofauti, na moja kati ya hizo iwe nje ya nyumba. Hiyo ya tatu humwokoa mtu pia na moto, mafuriko na mwizi wa kawaida anayebeba kompyuta yenyewe.

Kosa linalofanywa na wengi ni kuiacha diski ya akiba ikiwa imechomekwa kila wakati. Diski hiyo hufungwa pamoja na kompyuta, na akiba huwa imekwenda na mali. Inapasa kuchomekwa wakati wa kunakili pekee, kisha ichomolewe na kuwekwa kabatini.

Vivyo hivyo, kwa anayehifadhi faili zake katika huduma za mtandaoni, faili iliyofungwa nyumbani inaweza kupakiwa mtandaoni papo hapo na kuchukua nafasi ya ile nzima. Huduma nyingi huyaweka matoleo ya awali kwa muda, kwa hivyo ni heri mtu ajue mapema muda huo ni siku ngapi na yanarejeshwaje, kabla hajahitaji kufanya hivyo.

Yule mwanafunzi wa tasnifu hakuhitaji vifaa vya bei ghali. Angejitumia tasnifu yake kwa baruapepe kila jioni kabla ya kufunga kazi, angetumia data ya shilingi chache tu. Asubuhi angesikitikia picha na sauti ya babu yake, lakini tasnifu angeipakua upya kwenye kompyuta ya saiba na kuendelea na sura yake ya mwisho.